Ngozi Alipojifunza Kuuliza Jina

Haya, acheni kukuna miguu mnisikilize. Mmetoka jarubani kupanda mpunga, mnawashwa, na sasa mnamtukana Ngozi. Mwacheni. Kosa lake ni la zamani, na aliyelilipia hakuwa yeye.

Enzi hizo hakuna mnyama aliyejua kuwashwa. Ngozi alikuwa bawabu wa wote, tena mwenye adabu kupita kiasi. Aliyepiga hodi alijibiwa "Karibu" na kupishwa, wala hakuulizwa jina, maana kumhoji mgeni kabla hajala ilikuwa aibu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," Ngozi alizoea kusema.

Mnyoo, mkaaji wa matope, akaisikia sifa hiyo. Akawatuma wanawe, wembamba kuliko unywele, kwenye dimbwi alikokunywa maji ndama wa Nyati. Wakamshika mguuni, wakabisha taratibu.

"Hodi."

"Karibuni, wanangu," akasema Ngozi.

Wakaingia, wakaifuata damu mpaka tumboni, wakakaa kitako wakila. Kuaga hawakuaga.

Ndama akakonda, mwisho akashindwa kusimama. Nyati akamlamba toka kichwani hadi mkiani akitafuta jeraha, asilione.

"Ngozi, nani ameingia kwa mwanangu?"

"Wageni, mama."

"Wageni gani?"

Ngozi hakuwa amewauliza jina. Hakujua.

"Mgeni amekuja, Ngozi. Mbona mwenyeji haponi?"

Asubuhi ndama alikuwa amekufa. Ngozi aliona haya isiyosemeka.

Nyati alipozaa tena, wana wa Mnyoo walirudi dimbwini, wakabisha vile vile. Ngozi akaitambua sauti. Safari hii hakusema karibu. Alifura, akapata moto, akapiga kelele kuiita damu ije na askari wake. Ndama akaruka, akajisugua kwenye mti, akalikimbia dimbwi. Wageni wengi walifia pale pale mlangoni, na ndama akakua akaota pembe.

Na tangu siku hiyo, mgeni wa kwanza huweza kupita kimya, kwani adabu ya Ngozi haijaisha yote. Lakini wakija nduguze, Ngozi hufura na kuwasha. Huko kuwasha ndiko kuuliza kwake: "Nani wewe?"

Basi msimtukane. Anauliza kwa kelele kwa sababu siku moja hakuuliza, na Nyati akaondoka dimbwini peke yake.