Sauti Moja kwa Kila Gunia

Mwanamke mmoja alikuwa na ufunguo wa ghala. Jina lake lilikuwa Somoe binti Ausi Chitanda, wa kijiji cha Nanjimbi, na ghala lenyewe lilikuwa la ufuta wa kijiji kizima. Kila mkulima alileta magunia yake, akaandika jina kwa mkaa, akayaacha hapo mpaka mnunuzi aje. Desturi ya Nanjimbi ilikuwa bei moja kwa wote. Aliyepepeta vizuri na aliyepepeta vibaya walilipwa sawasawa, kwa kuwa ghala lilipimwa kama kitu kimoja.

Mnunuzi alikuwa Bwana Faraji Mwinyikombo. Hakufungua kila gunia, wala hakuna mnunuzi awezaye kufanya hivyo na lori linamsubiri. Alikuwa na bambo, yaani kile chuma chenye ncha na mfereji, ambacho huchomwa ubavuni mwa gunia kikatoa punje kidogo. Punje hizo alizitia kinywani, akazitafuna polepole. Ufuta uliokung'utwa juu ya turubai hutafunika kwa ulaini na kuacha mafuta ulimini. Uliokung'utwa juu ya ardhi tupu hulia mchanga menoni. Kwa punje hizo chache aliamua habari ya magunia yote ambayo hakuyagusa.

Msimu uliotangulia, ufunguo ulikuwa kwa Rashidi Namtuka. Huyo aliyapanga magunia safi karibu na mlango, mengine akayasukuma nyuma gizani. Bwana Faraji akachoma ya mlangoni, akaridhika, akalipa bei ya juu, na Nanjimbi wakapika pilau. Lakini bandarini ufuta ulimwagwa wote. Mchanga ukaonekana, na Bwana Faraji akarudishiwa sehemu kubwa ya mzigo wake mbele ya wafanyabiashara wenzake. Namtuka alihamia kwa wakwe zake kabla habari haijapoa. Ufunguo ukapewa Somoe, kwa sababu hakuwahi kusikika akisema uongo. Waliompa hawakufikiri kwamba sifa hiyo ingewagusa na wao.

Wa kwanza kuguswa alikuwa kaka yake wa tumbo moja, Mfaume Chitanda. Mfaume alilima kwa nguvu lakini alichoka upesi baada ya mavuno. Hakuwa na turubai. Aliupigapiga ufuta wake juu ya ardhi, akaufagia, akaujaza, na magunia yake yalikuwa katika kona ya nyuma. Habari ilipokuja kwamba lori liko njiani, alimfuata dada yake pale mlangoni.

"Dada, yale mazuri yasogeze huku mbele. Si unaijua kazi?"

"Yatakaa kama yalivyoletwa, kaka."

"Ufunguo umekupanda kichwani! Haya, siku lori likirudi tupu, tutakuja kula kwako, wote, na watoto."

Watu waliokuwa karibu wakacheka, lakini kicheko chao hakikuwa na furaha. Somoe hakucheka. Alijua kwamba lori likirudi tupu, habari itatangulia mbele yake. Jina la Nanjimbi litakuwa jina jingine la mchanga, na hakuna mnunuzi mwingine atakayepoteza mafuta ya gari lake kuja. Katika ghala hilo kulikuwa na ufuta wa wajane, na wa watu waliouza mbuzi wao ili wanunue turubai. Aliogopa kama walivyoogopa wote. Hata hivyo hakusogeza gunia hata moja.

Bwana Faraji alipofika hakuyatazama magunia ya mlangoni. Aliyaruka, akaenda moja kwa moja mpaka kona ya nyuma. Alichoma gunia, akachoma lililo karibu nalo, akachoma na lililo chini yake. Akatafuna, kisha akatema sakafuni.

"Mchanga! Yaleyale! Mzee Sefu, washa gari."

Mzee Sefu alikuwa dereva wake, mtu wa makamo aliyekuwa ameegemea lori akipunga kofia. Kabla hajaingia garini, Somoe alikuwa amesimama katikati ya mlango wa ghala.

"Bwana Faraji," alisema, "mwaka jana ulichoma pale ulipoonyeshwa, mwaka huu umechoma pale hasira ilipokupeleka, na Nanjimbi bado hujaijua."

"Kwa hiyo wewe ndiye utakayenionyesha pa kuchoma? Nimeshaonyeshwa, Bi Somoe. Ahsante sana."

"Si mimi. Achague asiyeona."

Watu wa Nanjimbi walimwelewa mara moja. Wakichinja ng'ombe kwa ubia, nyama hupangwa mafungu juu ya majani. Mtu mmoja husimama amewapa mgongo. Mwingine hugusa fungu na kuuliza, "Hili la nani?" na yule asiyeona hutaja jina. Anayepata mfupa mtupu hana wa kugombana naye, kwa kuwa hakuna aliyemchagulia. Somoe akaomba Mzee Sefu asimame akitazama barabara, kwa sababu dereva huyo hakumjua mtu yeyote pale wala hakujua gunia la nani liko wapi. Yeye Somoe angegusa kila gunia kwa zamu, pasipo kuruka, na kuuliza, "Hili?" Dereva angejibu "Litoke" au "Likae," kwa namna itakavyomjia ulimini. Yatakayotoka ndiyo yangechomwa bambo, na kwa hayo ghala zima lingepimwa.

Bwana Faraji alifikiri. Alikuwa amekasirika, lakini hakuwa mpumbavu, na lori tupu lilikuwa hasara kwake pia.

"Sawa. Ila sauti yako isipande wala isishuke. Nikikusikia umebembeleza hata mara moja, naondoka."

Wakaanza mlangoni. "Hili?" "Likae." "Hili?" "Likae." "Hili?" "Litoke." Mara ya kwanza watu waliguna, Somoe akainua kiganja, wakanyamaza. Gunia la mjane Zaituni Mkwepu likakaa. Gunia lake mwenyewe Somoe likatoka. Alikwenda safu kwa safu, akigusa kwa mkono uleule na kuuliza kwa neno lilelile, mpaka mwanga wa mlangoni ukabaki nyuma yake, naye akafika kona.

Hapo mkono wake ukalala juu ya jina. Kwa mkaa liliandikwa Mfaume Chitanda, na hilo la pili lilikuwa jina lake pia, la baba aliyewazaa wote wawili. Mfaume mwenyewe alikuwa amesimama ukutani, anamtazama. Somoe aliona jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa dogo. Angelivuta neno kidogo tu, angelishusha pumzi nusu, dereva angesikia kusita na kusema likae. Hakuna ambaye angeweza kuapa kwamba amedanganya. Labda hata yeye mwenyewe asingeweza kuapa.

"Hili?" akauliza, kama alivyouliza kwa yote.

"Litoke," akajibu Mzee Sefu, akitazama barabara.

Yaliyotoka yalichomwa bambo. Bwana Faraji akaagiza aletewe ungo, wamimine punje zote pamoja, atafune mara moja amalize. Somoe akazuia ungo kwa mkono.

"Ukiuchanganya, utatafuna ufuta ambao haumo katika gunia lolote humu ndani."

Wakatandika jamvi, na punje za kila gunia zikawekwa fungu lake. Bwana Faraji akapiga magoti, akatafuna fungu baada ya fungu. La kwanza lilikuwa safi, la pili safi, la tatu lilikuwa na makapi kidogo. La Zaituni halikuwapo, kwa kuwa liliachwa, wala hakuna aliyelisemea. Alipofika la Mfaume alitema. Yaliyofuata yalikuwa safi tena. Alipomaliza alibaki amekaa juu ya visigino vyake, akiyaangalia mafungu jinsi yalivyokaa. Mlango ulikuwa umemwambia kwamba Nanjimbi ni kijiji cha ufuta safi. Kona ilikuwa imemwambia kwamba ni kijiji cha mchanga. Jamvi halikusema hili wala lile. Lilisema kwamba wengi walipepeta na wachache hawakupepeta, na kwamba kati ya hao na wale pengo lilikuwa kubwa.

Akatoa bei. Ilikuwa chini ya ile ya mwaka jana, na juu sana kuliko ile ya kona. Akataka magunia ya mchanga yatolewe, yapepetwe upya, ndipo yapandishwe mizani pamoja na mengine. Baadhi ya watu walinung'unika, hasa waliokuwa na magunia mlangoni, ambao walikwisha kuitumia bei ya juu katika mawazo yao.

Mfaume aliyaburuta magunia yake nje mwenyewe. Alipompita dada yake hakusimama.

"Umeniuza, dada. Mbele ya watu."

Somoe alichukua nyungo mbili, akatoka naye juani, akampa mmoja. Akakaa chini karibu naye, akachota ufuta wa kaka yake, akaanza kupepeta. Mchanga ukaanguka, ufuta ukabaki, akachota tena.

"Pepeta, kaka," akasema. "Lori linasubiri."

Mfaume akakaa chini karibu naye. Kisha akachota.

Nanyi mliosikia haya, mkimhukumu mtu kwa siku yake moja, au ukoo mzima kwa mtoto wake mmoja, siku hiyo na mtoto huyo ni nani aliyewachagulia?