Silaha ya Bi Nyamizi

Mtemi Lukanda alisikia redioni kwamba mataifa makubwa yanapunguza silaha, naye akapiga marufuku mapanga na mikuki. Askari wake wakabaki na bunduki, eti za kulinda amani. Wiki hiyohiyo ng'ombe wake wakavamia mashamba ya watu, na hakuna aliyethubutu kuwafukuza mikono mitupu.

Mjane mmoja, Bi Nyamizi, akaja kwa Mtemi na mzigo mrefu uliofungwa shuka.

"Nimekuja kusalimisha silaha yangu, Mtemi. Naomba isifunguliwe."

"Ni bunduki?"

"Bunduki hungoja mtu aifyatue. Hii haingoji."

"Na nani wa kunikataza kuifungua?"

"Hakuna, Mtemi," akajibu Bi Nyamizi, akaaga na kutoka nje ya ua.

Shuka ilipofunguliwa, ndani mlikuwa na mzinga uliojaa nyuki. Askari wakatupa bunduki, wakakimbilia mtoni. Mtemi akajifungia chumbani, lakini nyuki wengine walikuwa wameshaingia naye.

"Nyamizi, njoo uondoe silaha yako," akalia dirishani.

"Nitaishikaje, Mtemi? Umepiga marufuku silaha," akajibu Bi Nyamizi kutoka nje ya ua.

"Amri nimeifuta."

"Kwa mizinga tu, au hata kwa mapanga?"

Nyuki mmoja akamuuma Mtemi sikioni.

"Hata kwa mapanga, mama. Hata kwa mapanga."