Stata Moja ya Tajiri Mandondo

Mjini kwetu mjanja ni mimi Chepe, wa pili hajazaliwa. Pikapu yangu ilikufa stata, ile mota ya kuwashia injini, nyanya zinaoza nyuma, na stata iliyobaki mji mzima ilikuwa moja tu, dukani kwa tajiri Mandondo, muuza spea.

“Mpya kabisa, na bei ya mpya!” akasema.

“Basi tena, bosi. Pikapu yangu ya kizamani, ikifungwa kitu kipya inasusa mwezi mzima. Natafuta kuukuu iliyosukwa upya nyaya zake.”

Kuona naondoka, tamaa ikampanda. “We Chepe, rudi! Hii nimeisuka mwenyewe asubuhi hii!”

“Muongo.”

“Wallahi! Shika, hata rangi haijakauka!”

Nikashika, kidole kikatoka cheusi. Nikakiinua kuwaonyesha wateja mia mbili waliojaa mle dukani, kila mmoja kakumbatia boksi lake la spea “mpya”.

“Haya bosi, sasa tutajie sote bei ya zilizosukwa.”