Uso wa Odessa Purvis

Mkunga hupitwa njiani bila salamu, mpaka siku uchungu unapoingia nyumbani mwa mtu. Hapo ndipo hukumbukwa. Basi anayemtusi mkunga huku uzazi haujakwisha kwake anajitafutia fedheha, na anaistahili.

Ambrose Tolliver alikuwa mpiga picha za filamu huko Los Angeles. Hakuisomea kazi hiyo. Alianzia harusi, ubatizo na mazishi katika kanisa la mtaani kwao, Watts, na huko alijifunza jambo ambalo wakubwa wa filamu hawakujali kulijua: uso mweusi una nuru yake, ila sharti uitafute. Miaka kumi na minane aliwabebea wenzake nyaya kabla ya kukabidhiwa kamera. Alivumilia, maana Mungu si Athumani.

Mwaka 1974, filamu aliyokuwa akimpigia tajiri mmoja mwenye mdomo mchafu, Mervin Stroud, ilibakiza onyesho moja: mama anaambiwa kwamba mwanawe ameuawa. Mama huyo aliigizwa na Odessa Purvis, mwanamke mweusi. Aliyemletea habari alikuwa nyota mzungu, na Stroud akaamuru mwanga upimwe usoni mwa nyota huyo tu.

"Bwana Stroud, ukipima hivyo mama hataonekana," Tolliver alisema.

"Nani anakuja kumtazama yeye? Piga picha!"

"Sipigi. Nipe nusu saa nimwekee taa yake."

"Ala! Mpiga picha za maiti unifundishe mimi kazi? Toka! Rudi kanisani kwenu!"

Wafanyakazi arobaini walisikia. Tolliver alitia kipima mwanga chake mfukoni, akaondoka.

Onyesho lilipigwa na mtu mwingine. Kesho yake walipoketi kulitazama, nyota alimeremeta. Kando yake palikuwa na gauni na meno, basi. Machozi ya mama yalimezwa na giza. Odessa aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mwanangu amekufa, nami naonekana kama kabati la nguo! Stroud, huna haya?"

"Tutarudia, dada, tulia."

"Dada yako nani? Sirudii bila Tolliver!"

Na bila uso wa mama, filamu ile haikuwa na mwisho. Stroud akafunga safari hadi Watts, akabisha hodi. Lavinia, mke wa Tolliver, alifungua, akamtazama juu hadi chini.

"Unatafuta kanisa, au umeleta maiti?"

"Mama, tafadhali, niongee na mzee."

Tolliver alijibu kutoka ndani. "Ulinitukana mbele ya watu arobaini. Hapo mlangoni wako wangapi?"

Asubuhi Stroud alisimama mbele ya wale arobaini, jasho likimchuruzika, akaomba radhi.

"Sauti, bwana, huku nyuma hatusikii!" fundi mmoja wa taa alipiga kelele.

Akarudia. Tolliver hakutabasamu wala hakumpa mkono. Alimwendea Odessa, akaupima mwanga usoni mwake taratibu, taa baada ya taa, na Stroud akasubiri. Mama alipolia, kila chozi lilionekana likishuka.

Baadaye vijana wengi walimjia Tolliver kujifunza, naye aliwafundisha. Stroud hakumsamehe kamwe kwamba alilazimika kumhitaji. Na amsamehe asimsamehe, somo alilipata: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.