Simu Iliyotulia

Wapendwa, kabla hamjazizima simu zenu, ziangalieni kidogo hapo mikononi. Leo nataka kuwapa habari za simu moja.

Kulikuwa na fundi simu mmoja mjini, kijana mcha Mungu, mikono yake haikai bure. Jambo moja lilimkera kuliko yote: kampuni kubwa kuchungulia simu za watu, na matapeli kuwaandikia wazee "ile hela tuma kwenye namba hii". Basi akatafuta simu, akaitia Linux, mfumo wa kuendeshea simu unaotengenezwa na watu wengi wa kujitolea, hauna bwana mkubwa anayekuchungulia. Akaipenda. Ikigoma, aliiandikia amri mbili tatu, ikaamka. Akawa anaihubiri kuliko mimi ninavyowahubiria ninyi.

Sasa, fundi huyu alikuwa na mama kijijini, mjane, mwenye mtoto wa jicho. Macho yote mawili yalikuwa yanaingia ukungu. Hospitali ya wilaya ilisema madaktari wa macho watakuja, siku yenyewe itatangazwa. Mama na mwana wakakubaliana: mama akisikia wamefika, apige simu, mwana aje ampeleke. Na ili matapeli wasimsumbue, kijana akampelekea simu ya Linux kama ya kwake, na kile kitochi cha mama, kisimu cha zamani cha vitufe, akaondoka nacho.

"Mama, kwa hii hakuna atakayekuibia wala kukuchungulia."

"Asante, baba. Mungu akuzidishie."

Kila Jumapili jioni kijana alipiga, mama akapokea. "Simu inakufaa, mama?" "Nzuri, baba. Imetulia kweli." Moyo wa kijana ukajaa. Siku nyingine za juma mama hakumpigia hata mara moja, naye akajiambia, mama hanitafuti, basi yu salama. Mnaiona hesabu hiyo? Ni wangapi humu ndani tunaipiga?

Ikapita miezi. Kijana akaona madaktari wamekawia mno, akafunga safari kumsalimia mama. Ilikuwa Jumapili mchana. Akamkuta amekaa kwenye mkeka mlangoni, simu mapajani, kila baada ya muda anaigusa kioo kwa kidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Alikuwa amesimama mbele yake kabisa, jua linawaka. "Ni mimi, mama. Unafanya nini na simu?"

"Aa, ni wewe baba! Nailinda isilale. Ikilala haisikii mtu akipiga, na leo ndiyo siku yako ya kupiga."

Kijana akajisikia vibaya. "Na madaktari, mama? Bado tu?"

"Walikuja, wakaondoka. Wanasema labda mwakani."

"Mama! Mbona hukunipigia?"

"Nilijaribu, baba. Inataka namba za kuifungulia. Nikizipatia, yanakuja mapicha madogo, na macho yenyewe ndiyo haya. Jumapili ulipopiga walikuwa wameshaondoka, nikaona nisikuumize bure."

"Si ungekwenda kwa majirani?"

"Nikawaambie nini? Kwamba mwanangu ni fundi simu, na simu aliyonipa siwezi kuipiga? Nikuanike mbele za watu, baba?"

Yule kijana akakaa chini pale kwenye mkeka akalia. Mama akampapasa kichwa, akasema kwa upole, "Kama haitakuudhi, nirudishie kitochi changu."

Wapendwa, msiende kusema mchungaji ameisema Linux vibaya. Mikononi mwa fundi ilikuwa simu njema, na nia yake ilikuwa njema vilevile. Ila alimpa mama kile kinachomtosha yeye fundi. Alifunga mlango mwizi asiingie, akasahau kwamba mama yake naye anahitaji kutoka.

Na sisi je? Tunakwenda kwa mgonjwa na maombi marefu, mwenzetu tangu asubuhi anatamani uji. Tunamgawia mjane vitu tunavyovipenda sisi, anasema "asante, Mungu awabariki", tunarudi nyumbani tukiimba. Nani amewahi kugeuka nyuma kuuliza? Asante ya mtu mpole mara nyingi ni adabu tu. Anatufichia aibu yetu, na anayeumia ni yeye. Kisha kimya chake tunakiita amani! Inaniuma kusema hivi, maana hata katika kanisa hili wapo waliotulia namna hiyo.

Kwa hiyo leo, ukitoka hapa, nenda kwa yule uliyempa kitu. Usimuulize kama ni kizuri, atakwambia ni kizuri. Kaa naye mkekani, mpe simu mkononi mwake, umwambie, "Mama, hebu nipigie." Kisha nyamaza, usubiri uone kama yako italia.