Punda Aliyekwisha Kuchukuliwa

Hapo zamani, wakati masultani walipokuwa wengi kuliko kazi za kufanya, palikuwa na mchota maji katika mji wa Kibirizi akiitwa Faki Kitambi. Kitambi chenyewe hakuwa nacho. Alichokuwa nacho ni mke mmoja, Mize, na punda mmoja, Tabasamu, ambaye hakutabasamu hata siku moja. Punda alibeba maji, maji yakaleta unga. Punda akikosekana, chungu hulala kifudifudi.

Ikawa Sultani Hariri ameamuru wanyama wote wa mjini walale katika Zizi lake la Amana, kwa ada, kwani huko, alisema, hapaibiki kitu. Kila mtu aliweka neno la siri. Aliyelisahau aliulizwa na bawabu Feruzi maswali matatu: mama yako nani, mnyama wako wa kwanza aliitwaje, na wapenda chakula gani. Akijibu, hufunguliwa. Na Feruzi alisifiwa mji mzima kwa wepesi wa kufungua.

Basi siku moja kisimani akatokea mgeni mwenye kanzu ya kunukia udi.

"Mashallah, punda huyu! Ndiye wa kwanza kwako?"

"Wa kwanza alikuwa Kipara, ndugu yangu. Mpaka leo namlilia."

"Na macho hayo! Si bure, wewe mtoto wa Bi Mtumwa."

"La! Mama yangu Bi Mwaka binti Shoka."

"Ala! Bi Mwaka wa samaki wa kupaka?"

"Samaki wapi! Sisi watu wa muhogo wa nazi. Mimi kwa muhogo wa nazi naacha hata harusi yangu."

Wakaagana kwa kukumbatiana. Faki akamlaza punda zizini, akarudi nyumbani akitangaza kwamba amepata ndugu.

Kulipokucha akaenda zizini, punda hayupo.

"Umeshamchukua," akasema Feruzi. "Jana jioni. Ulisahau neno lako, ukalia kidogo, nikakuonea huruma."

"Nililia mimi?"

"Sana."

Mize aliposikia akashika kiuno. "Umempa mtu mama yako, Kipara na muhogo! Na jina la mkeo je, hukumpa?"

"Hakuuliza."

Basi Faki akaenda barazani kushitaki. Sultani akamsikiliza, akala tende, akahukumu.

"Anayejua majibu ndiye mwenyewe. Hiyo ndiyo sheria ya Zizi langu, na Zizi langu halikosei. Aliyemchukua punda alijua majibu, kwa hiyo aliyemchukua ni Faki. Punda unaye, nawe waja kudai wa pili! Ijumaa, kabla ya sala, umlete hapa punda huyo. Usipomleta, utachapwa viboko mbele ya msikiti."

"Nimlete punda niliyeibiwa?"

"Uliyemchukua."

"Labeka, bwana wangu. Na sheria hiyo ni ya watu wote?"

"Hata mimi iko juu yangu," akasema Sultani, kwani alipenda sana kusema maneno ya namna hiyo.

Ikafika Ijumaa. Alfajiri mpiga zumari wa Sultani akapita mitaani kama ilivyo ada, akimsifu bwana wake: "Mwana wa Bibi Thurea! Aliyempanda mbuzi Kipusa kabla ya kuota meno! Mpenzi wa mbaazi za nazi!" Mji mzima uliyajua maneno yale kwa moyo, isipokuwa Sultani, ambaye saa ile huwa bado amelala.

"Mbaazi zake tunazijua kuliko zetu," akanung'unika Mize, akijifunika shuka.

Faki akaketi kitandani. Akavaa kanzu yake yenye viraka, akaenda zizini.

"Mimi ni Sultani Hariri. Nimesahau neno langu." Akalia kidogo, kwa kuwa alisikia husaidia.

Feruzi akamtazama, akatazama viraka. "Karibu, Mtukufu. Mama yako nani?"

"Bibi Thurea."

"Mnyama wa kwanza?"

"Mbuzi Kipusa."

"Chakula?"

"Mbaazi za nazi."

"Farasi huyu hapa. Na tandiko la dhahabu Mtukufu atalitaka?"

"Nitalitaka."

Faki akajibanza na farasi nyuma ya ukuta, akangoja. Sala ilipokaribia Sultani akaja na watu wake, ampande farasi aende msikitini.

"Mtukufu keshamchukua," akasema Feruzi.

"Mtukufu ni mimi!"

"Ndivyo wasemavyo wote. Neno la siri?"

Sultani hakulijua, neno aliliweka waziri, na majibu akayatoa katika sifa za mpiga zumari, naye waziri alikuwa safarini. Jina la mama yake akalinong'ona. Mnyama wa kwanza akasema ni farasi Radi.

"Siye. Chakula?"

"Biriani, baradhuli we!"

"Si biriani. Pole, bwana. Ukikosea tena nitakufungia mlango mpaka kesho."

Hapo Faki akatokea juu ya farasi. "Feruzi, nani huyu anakusumbua?"

"Mwizi!" akapiga kelele Sultani. "Mkamateni!"

"Mwizi yupi, bwana wangu? Anayejua majibu ndiye mwenyewe, na Zizi halikosei. Aliyemchukua farasi ni Sultani. Farasi unaye, nawe waja kudai wa pili! Viboko viko tayari pale msikitini."

Watu wakatazama viatu vyao. Sultani akamgeukia Feruzi. "Wewe, uso wangu huujui?"

"Naujua, Mtukufu. Lakini uso haumo katika maswali."

Sultani akafungua kinywa alaani, kikatoka kicheko, akacheka hata kilemba kikamwanguka. Kisha akasema mbele ya watu, "Faki hakuchukua punda. Zizi langu ndilo lililompa mwizi." Akaamuru Faki arudishiwe ada yote, apewe punda wa kifalme, na bawabu aanze kutazama nyuso, hata kama foleni itafika sokoni.

Jioni Faki akamlaza punda wake mpya zizini, na Feruzi akamtaka majibu upya.

"Mama yako nani?"

"Ngazi."

"Mnyama wa kwanza?"

"Nyangumi."

"Chakula?"

"Misumari ya kukaanga."

Feruzi akayahifadhi kichwani bila kukunja uso.

Na mgeni wa kanzu ya kunukia alipopita tena kisimani, Faki alimkaribisha kivulini, akamsimulia habari za mama yake, Bi Mwaka binti Shoka, kwa kirefu na kwa furaha, asimfiche hata kitu kimoja.