Mlango wa Seneta Kitsao

"Picha haiitiki hodi." Mmemsikia Kang'ombe akisema hivyo sokoni leo, watu wakacheka, nanyi, wajukuu zangu, mmeniuliza maneno hayo yametoka wapi. Mimi nilikuwapo. Methali hii ilizaliwa hivi.

Kitsao Mwaringa alianza kama mwakilishi wa wadi yetu. Nyumba yake haikuwa na geti. Ukipiga hodi alifungua mwenyewe, pengine tonge li mkononi, akakusikiliza mpaka umalize. Ni yeye aliyehangaika na makaratasi ya kaunti miaka miwili hadi tukachimbiwa kisima. Siku ya kukifungua aliibeba ndoo ya mjane Dama Nyevu hadi kwake, na mtu akampiga picha. Picha ile ndiyo iliyompeleka Seneti. Ilibandikwa kila ukuta, na chini yake maandishi: Mtu wa Watu. Haukuwa uongo. Wakati ule alikuwa mtu wa watu kweli.

Mwaka wake wa tatu Seneti, tajiri mmoja alizuka na hati, akidai kiwanja chenye kisima ni chake. Kesi ikapangwa Ijumaa. Wakili wetu alituambia shahidi wa kutuokoa ni mmoja tu, Kitsao, kwa kuwa ndiye aliyekishughulikia kiwanja kile. Tulimpigia simu, haikupokewa. Basi mimi na Dama tukaenda mjini kwenye ofisi yake.

Mlango mzima ulikuwa umefunikwa na picha yake, anatabasamu. Tulipiga hodi Jumanne. Tukapiga Jumatano. Alhamisi mlinzi alituonea huruma, akasema ofisi hufunguliwa mheshimiwa akija, na siku ya kuja kwake hata yeye haijui. Dama aliketi kwenye ngazi, akavua viatu. Miguu ilikuwa imemvimba.

"Twende nyumbani," aliniambia.

Ijumaa tukashindwa. Wiki iliyofuata kisima kikazungushiwa seng'enge.

Miezi miwili baadaye Kitsao alikuja kijijini kwenye mazishi, akapita kwa Dama kumjulia hali. Nilikuwa nimeketi pale. Alipiga hodi, Dama akaitikia, akampa kiti na maji. Alipiga funda moja, akasita.

"Mama, maji haya mbona yana tope?"

"Ni ya bwawani. Kisima kimefungwa."

"Kimefungwa na nani? Mbona hamkuniambia?"

"Tulikuja, baba. Siku tatu. Picha yako ilikuwa mlangoni, lakini picha haiitiki hodi."

Hakujitetea sana. Alisema Nairobi vikao haviishi, na wasaidizi wake ndio humpa majina ya watu wa kuonana nao, yetu hakuyaona. Nilimwamini. Aliyanywa yale maji yote, akaahidi tutakata rufaa. Tulipomuuliza wakili, alisema muda wa rufaa umeshapita.

Uchaguzi uliofuata Kitsao alishinda tena, kwa picha ile ile. Hata mimi nilimpigia kura, wajukuu zangu, maana wale wengine hawakuwahi kutubebea hata kikombe. Dama hakupiga kura. Siku hiyo alishinda bwawani, foleni ilikuwa ndefu.

Maneno yake yakaanza kutembea, kwanza pale bwawani, kisha sokoni, na sasa wanayasema hata wasiomjua Dama wala Kitsao. Mtu akiona sura ya kiongozi ukutani na kudhani amekwisha kumfikia mwenyewe, wenzake humwambia: picha haiitiki hodi.